Sirudi Nyuma

Jumanne, 15 Oktoba

Nimepoteza gia ya kwanza. Leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, njia panda ya Nangurukuru, mbele ya meza ya chapati ya Salome na watu kumi na wanne. Niliwahesabu. Aibu nayo ina kipimo chake.

Na dakika mbili tu kabla nilikuwa nimetoa ahadi! Salome anakwenda Pande kupika pilau ya harusi ya mpwa wake. Masufuria makubwa matatu, viti arobaini, na yeye mwenyewe. Nikatangaza, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza machungwa, kwamba Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mimi, Klementi, nitampeleka. Akasema asante sana, Baba Witness.

Witness ni binti yangu, kaolewa Mtwara. Mama yake, Martina, amefariki mwaka wa tatu sasa. Salome naye ni mjane wa mwaka wa tano. Njia ya Pande ni ndefu. Nilipanga nimwombe tuoane humo humo njiani. Hata mahali nilishapachagua: baada ya kona ya pili, kabla vumbi halijaanza.

Nikapanda, nikashika mkono wa gia. Ukaanguka kama mkia wa ng'ombe aliyekufa.

Pikapu langu ni la mwaka 1974. Gia yake iko kwenye usukani, si sakafuni kama magari ya siku hizi. Nyuma nimeandikisha SIRUDI NYUMA kwa rangi nyekundu. Nilianza maisha na baiskeli ya kubebea chumvi na hakuna aliyenisukuma. Leo wamenisukuma sita, mpaka kando ya barabara.

Aliyesukuma kwa nguvu kuliko wote ni Francis, mwenye kirikuu cheupe, kigari kidogo cha mizigo. Najua kwa nini. Akauliza kama fundi wa maandishi alikosea, labda nilitaka SIENDI POPOTE. Salome alicheka. Kidogo, lakini alicheka.

Nikampigia fundi Maftaha, yuko Lindi. Maftaha ni mtani wangu, ukoo kwa ukoo tangu enzi za mababu. Yeye ana haki ya kunitukana, mimi sina haki ya kununa. Akasema bushi ya chini, ile pete inayoshika fimbo ya gia, imelika, atachongesha ya shaba, siku nne. Siku nne ni Jumamosi jioni! Hesabu haikubali. Nikamwambia nitatengeneza mwenyewe. Akasema haya, mtani, ila ukifungua kile kikono cha chini kinachosukuma gia utie kwanza alama ya chaki, la sivyo utakwenda kinyumenyume mpaka kwenye makaburi ya babu zako. Nikacheka mpaka machozi. Nikamjibu kwamba babu zake walikufa wakiwa wamewabeba babu zangu mgongoni.

Utani safi kabisa. Nalala na moyo mweupe.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimelala chini ya gari tangu asubuhi. Gari haliwezi kutoka lilipo, kwa hiyo matengenezo yote yanafanyika hatua tisa kutoka kwenye meza ya Salome. Si vibaya. Mwanamke aone mwanaume anafanya kazi.

Maftaha alisema kweli kuhusu bushi. Fimbo ya gia ni milimita kumi na nne, tundu limekuwa kumi na tisa. Milimita tano za upuuzi! Ndani ya tundu nikakuta kitambaa kimezungushwa kwenye fimbo, cheusi, kimelowa grisi ya miaka. Kazi ya ovyo. Sijui fundi gani mshenzi aliyekiweka. Nikakivuta kwa koleo, nikakitupa bila kutazama. Kikaangukia karibu na jiko la Salome. Akanipigia kelele kwamba taka zangu ziishie kwangu, pale ni mahali pa chakula. Nikaomba radhi nikiwa nimelala chali. Kuomba radhi ukiwa chali hakuna heshima.

Ubunifu wangu: bushi ya ndala. Nikavua ya kulia, nikakata duara, nikatoboa. Imeingia vizuri ajabu. Tatizo ni kwamba mpira unakumbuka. Naweka gia, narudisha mkono, gia nayo inarudi ilikotoka. Nimejaribu mara ishirini na tatu. Mara ya ishirini na nne mkono wa gia umenipiga mdomoni.

Nimerudi nyumbani na ndala moja. Francis alipita, akapunguza mwendo, akatazama miguu yangu, akaongeza mwendo. Bora angesema.

Alhamisi, 17 Oktoba

Akili ni mali! Usingizini nimekumbuka mpingo. Mgumu kama chuma, una mafuta yake wenyewe. Kwa nini nisubiri shaba ya Lindi wakati mti wa Kilwa upo?

Nimekwenda kwa Jonas, mchonga vinyago. Nimempa vipimo: ndani kumi na nne, nje kumi na tisa, urefu ishirini na mbili. Akauliza ni pete ya nani. Nikamwambia ya gari. Saa nane mchana ikawa tayari, na pembeni kaichongea sura ya mzee ameuma meno. Sikuagiza sura. Akasema mpingo bila sura anaona kama ameuibia.

Imeingia barabara! Mkono wa gia ulikuwa unacheza sentimita kumi na sita kabla ya kushika. Sasa mbili! Kikono cha chini nimekifunga na nati mpya, nimekaza mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Nikampigia Maftaha kumtambia. Akauliza, alama ya chaki ulitia? Nikamwambia aniachie babu zangu wapumzike.

Jioni Salome aliniletea chai bila kuombwa. Vijiko viwili vya sukari. Francis huwa anapata kimoja.

Ijumaa, 18 Oktoba

Siku mbaya. Naandika kwa masikitiko.

Saa tatu asubuhi nimewasha. Nikavuta mkono kwangu, nikapandisha, gia ya kwanza, kama nilivyofanya miaka yote. Nikaachia klachi kwa ustadi. Watu wanatazama. Pikapu likaenda. Nyuma.

Meza ya Salome ilikuwa nyuma.

Chapati hamsini na mbili mavumbini. Birika limebonyea. Yeye mzima, namshukuru Mungu, aliruka upande na mwiko mkononi. Maneno ya mwisho kuonekana kabla ya kishindo yalikuwa SIRUDI NYUMA. Francis kayasoma kwa sauti, herufi moja moja, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Nimelala tena chini kuchunguza. Kikono cha chini nimekifunga juu chini. Sasa ya kwanza ni ya nyuma, ya nyuma ni ya kwanza, ya pili ni ya tatu, ya tatu ni ya pili. Kumbe chaki haikuwa utani! Mimi nitajuaje? Mtu aliyenitania miaka thelathini, siku moja anasema kweli kwa sauti ile ile! Angekohoa kwanza.

Nikampigia. Akasema fungua, geuza, funga, nusu saa. Nikatazama nati. Nimeikaza hiyo, haifunguki leo. Halafu nikafikiri kwa utulivu. Gia zote zipo. Hakuna iliyopotea, zimebadilishana majina tu. Mimi ni mtu wa hesabu. Nitakumbuka.

Nimemsaidia Salome kuinua meza. Akauliza kama kweli gari liko salama kwa kesho, maana Francis amejitolea. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akaniamini. Ndilo linaloniuma ninapoandika. Aliniamini.

Jumamosi, 19 Oktoba

Saa kumi na mbili na dakika tano tumeondoka. Masufuria, viti arobaini, Salome pembeni yangu kavaa kitenge kipya cha zambarau, upawa mkubwa mapajani kwa kuwa haamini kuuacha nyuma. Midomoni mwangu nilikuwa nasema kimya kimya: chini ndiyo mbele, chini ndiyo mbele. Akadhani nasali. Akaitikia amina.

Kona ya kwanza, salama. Nikasafisha koo.

Kwenye kilima kulikuwa na matengenezo ya barabara. Mwanamke wa bendera akanyanyua nyekundu. Nikasimama, pua juu, mkia bondeni. Tukangoja dakika saba. Salome akasema nimeendesha vizuri, hata mgongo haumuumi. Nikasikia raha. Raha ile ndiyo iliyoniponza, maana nilisahau kusali. Bendera ya kijani ikainuka, na mkono wangu ukafanya ulichozoea.

Mita thelathini na moja kinyumenyume, na breki zikikanyagwa kwa miguu yote miwili. Mtaroni. Sufuria moja iliendelea peke yake mpaka kwa mwanamke wa bendera. Mpingo umepasuka vipande viwili, katikati ya sura ya yule mzee.

Hakuna aliyeumia. Salome alibaki kakumbatia upawa. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa: "Baba Witness, ulikuwa unajua gari liko hivi?"

Nikasema ndiyo.

Hakunitukana. Natamani angenitukana. Akasema asante, umejitahidi. Francis alikuwa nyuma yetu, umbali wa kutosha; nahisi alitufuata makusudi. Tukahamisha viti vyote arobaini kwa safari kumi. Mimi nikabeba vinne. Kirikuu kikapanda kilima bila hata kukoroma.

Kona ya pili ilikuwa mbele yetu mita mia nane. Nimekwenda kwa miguu kuipima.

Jumapili, 20 Oktoba

Misa sikwenda. Watu wamelivuta pikapu mpaka njia panda, palepale pa zamani. Saa tano Maftaha akashuka kwenye basi la Lindi na bushi ya shaba mfukoni. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutania hata mara moja. Mtani asiyekutania anatisha.

Kalegeza nati kwa dakika tisa, kageuza kikono, katia chaki. Bushi ya shaba ikagoma kuingia, imezidi nusu milimita. Akasema haidhuru, turudishie kile kitambaa, kitatufaa mpaka akachonge nyingine. Kiko wapi kitambaa?

Kitambaa gani, nikauliza.

Akaacha kufuta mikono. Akasema, cha Martina.

Akanieleza kama mtu anayenikumbusha, kumbe ananipa habari. Miaka sita iliyopita, Somanga, gia iligoma juani. Mimi nilikwenda kutafuta maji ya rejeta. Maftaha alikuwa abiria wetu. Martina akachana ncha ya kanga yake kwa meno, akaizungushia fimbo mwenyewe, mara kumi na moja, kwa sababu vidole vya Maftaha havikuingia mle. Vya kwangu visingeingia pia. Nikarudi na maji, gari linawaka, nikasema nilijua tu lilikuwa limepata joto. Nakumbuka nilisema hivyo. Nakumbuka hata kanga yake ilikuwa fupi upande mmoja siku ile. Sikuuliza. Niliendesha miaka sita nikijisifia mkono wangu mwepesi.

Mchana wote nimetambaa pale kwenye meza ya Salome nikitafuta. Kila anayepita anauliza umepoteza nini, mzee. Nikasema nati.

Jumatatu, 21 Oktoba

Salome karudi. Kwa kirikuu. Harusi ilifana. Akaniita, akatoa kitu kwenye kapu. Kile kitambaa! Alikiokota Jumatano, na tangu hapo alikuwa akikishikia masufuria ya moto. Jana, huko Pande, akakifua kwa sabuni mara tatu, grisi ikatoka, maua mekundu yakajitokeza, na maneno mawili ya mwisho ya kanga: NA WEWE. Ndipo akajua si kitambaa cha gereji. Amekipiga pasi.

Akaketi nami kwenye benchi, akaniacha nifute macho, hakuharakisha. Nikaona saa imefika. Nikamuuliza pale pale, bila kona ya pili.

Akasema hapana.

Nikamwambia afikirie. Akasema amefikiria tangu mtaroni, hapana. Akaongeza kwamba ananiheshimu, na nikitaka chapati nije, lakini hapana.

Nimekaa na jambo hili kwa saa nne. Hapana tatu. Nikakumbuka: bibi yake Salome mzaa mama ni wa ukoo wa akina Maftaha! Kwa hiyo Salome ni mtani wangu, robo. Na Ijumaa si nilijifunza kwa gharama kubwa kwamba mtani hajulikani lini anatania na lini anasema kweli? Halafu mtu wa hapana hapigi pasi. Hapigi pasi kitambaa chenye NA WEWE.

Maftaha karudi Lindi kuchongesha bushi nyingine, kaniambia nisiguse kitu. Nimegusa kidogo. Nilitaka kurudisha kitambaa cha Martina mahali pake, lakini kimefuliwa, kimekuwa kinene, lazima kikatwe upande wa maneno. Nimeshika mkasi mara tano. Nimeshindwa. Nimekikunja, kiko mfuko wa shati, wa kushoto. Badala yake nimekata ndala iliyobaki. Kikono cha chini nimekifunga upya. Chaki ya Maftaha imefutika mkononi mwangu, lakini si neno, safari hii nimetazama vizuri.

Salome nimempelekea barua, ili kusiwe na kicheko katikati. Nimeandika hivi: Nataka jibu moja la moja kwa moja, lisilo la kiukoo. Ndiyo au hapana, bila utani. Mwisho ni Ijumaa tarehe 25, saa kumi kamili alasiri. Nitakuwa nimeegesha gari, nyuma yake ikiwa imeelekea mezani kwako, injini inawaka, gia ya kwanza mkononi, tayari kwenda mbele. Jibu!