Kadi Moja, Watu Wawili

Jumatatu, 7 Julai

Barua pepe kutoka kwa Marion, London. Mahafali ni Ijumaa ya wiki ijayo. Binti yangu, nesi wa digrii! Nimeisoma mara nne. Mara ya nne nimeisoma kwa sauti mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.

Halafu mstari wa mwisho. Chuo kimempa tiketi mbili tu za kuingia ukumbini. Mbili! Na tunasafiri watatu: mimi, mke wangu Annah, na Wesonga, kaka yake Annah.

Ya kwanza ni ya mama, hilo halina mjadala. Ya pili nilidhani nayo haina mjadala. Saa moja haijaisha, Wesonga huyu hapa kutoka Baba Dogo, ovaroli ya kiwandani bado mwilini. Amekuja kutukumbusha kwamba kwetu magharibi sherehe ya mtoto bila mjomba ni bure kabisa, afadhali watu walale. Tena yeye ameshafika ng'ambo. (Dubai, siku tatu, mwaka 2014. Tunazijua siku hizo kuliko anavyozijua mwenyewe.) Mimi, akasema, nilipotea nikienda Thika.

Ni kweli. Lakini kulikuwa na mvua.

Annah ni mwalimu wa kwaya, amezoea kunyamazisha besi na teno kwa kidole. Ametoa hukumu. Marion siku hiyo hataweza kuja kutuchukua, atakuwa anavishwa joho. Mabasi ya huko hayapokei pesa mkononi, na treni zina mageti. Unaweka pesa kwenye kadi mapema, unaigusisha kwenye geti, linafunguka. Basi, atakayechagua kadi sahihi ndiye atakayemfikisha Annah ukumbini, na ndiye atakayeketi naye. Mwingine atatazama kwenye simu, hotelini.

Kadi tu! Mimi ni mtunza stoo miaka ishirini. Kuchagua vitu ndiyo kazi inayonilisha. Shemeji aanze kuchaji simu.

Jumanne, 8 Julai

Utafiti, kazini. Kumbe kuna njia tatu: kadi ya wageni, unayoiagiza kabla ya safari, kadi ya kawaida, unayoinunua stesheni, au kadi yako ya benki, ukiamini benki yako. Nimechora jedwali nyuma ya fomu ya kupokea mizigo. Kazi safi, wino wa rangi mbili. Mkubwa wangu ameikuta mezani, ameuliza "treni ya chini ya ardhi" ni bolti za saizi gani.

Jioni Wesonga ametuma picha. Ameshaagiza kadi ya wageni. Inakuja kwa posta ya haraka, siku nne tu, na kifuko chake! Chini ameandika kwamba wengine bado wanachora.

Nani amemwambia kuhusu jedwali? Annah anapika huku akiimba. Namshuku.

Jumatano, 9 Julai

Ushindi! Ushindi!

Nimekwenda kwa Hibo, mwenye duka la vitambaa hapa chini ya ghorofa yetu. Hibo ana dada London, binamu Istanbul, shangazi sijui wapi. Amesafiri mpaka pasipoti imejaa mihuri kama daftari la mahudhurio. Nimemuuliza kiungwana ni kadi ipi bora. Ameuliza nani anashindana na nani. Mtaa huu!

Akatoa mkebe wa biskuti. Ndani yake kadi, kadi, kadi, za kila mji. Ameinua moja ya buluu, akasema hii, Baba Marion, ni ya kwa binamu yangu, na kule ukiwa na familia unagusisha mara mbili, mara tatu, kadi moja mnapita nyote.

Kadi moja, mnapita nyote!

Hibo alikuwa bado anaongea nilipotoka mbio. Alinifuata mpaka mlangoni akisema jambo kuhusu London. Nitamsikiliza siku nyingine, mama wa watu anapenda hadithi.

Wesonga na kadi yake moja ya kifuko atajipitisha peke yake, amwache dada yake nje ya geti. Mimi nitapita na mke wangu. Tangu lini mwanamume wa heshima akalipa nauli yake, akamwacha mkewe ajitafutie? Nimelipia wawili tangu tukiwa wachumba. Nitalipia wawili mbele ya Mfalme.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemweleza Annah mpango wangu. Ameuliza kama Hibo ana hakika. Nimemjibu kwamba mume na mke ni mwili mmoja, na mashine ya watu waliotuletea maandiko hayo haiwezi kuyakana. Kisha akasema vizuri, Baba Marion, lakini kwaya yangu haijawahi kupanda jukwaani bila mazoezi, na sisi hatutapanda treni bila mazoezi.

Mazoezi ni Jumapili baada ya ibada, kwenye geti la korti yetu, ua wa ghorofa tunazoishi. Kamati iliweka geti jipya juzi, lile la vyuma vinavyozunguka. Unagusisha kadi yako ya mkaazi, taa ya kijani, unasukuma, unaingia. Mfano halisi wa London. Wesonga amealikwa.

Sijalala mchana kama kawaida yangu. Furaha.

Jumapili, 13 Julai

Naandika nikiwa nimesimama. Kukaa kunauma.

Mambo yalianza vizuri. Saa saba, jua kali, kwaya nzima imetufuata kutoka kanisani na majoho yao ya zambarau. Irungu, bawabu wetu, ameketi kwenye kiti chake na chai. Annah amebeba sanduku atakalosafiri nalo, kilo ishirini za unga wa wimbi na mboga ya mrenda mkavu, kwa sababu mazoezi ni mazoezi.

Nikagusisha kadi. Kijani! Nikamwambia Annah twende pamoja, bega kwa bega, kama siku ya harusi. Tukaingia. Sanduku nalo likaingia. Vyuma vikazunguka robo, vikasema "kah", vikagoma.

Mbele hakuendeki. Nyuma hakuendeki. Pua yangu kwenye kilemba cha Annah. Sanduku lilikuwa limenikamata mahali ambapo sitapataja hata humu.

Nikagusisha tena. Nyekundu. Nikagusisha kwa upole. Nyekundu. Irungu akaweka chai chini polepole, akasema mzee, hii kitu humeza mtu mmoja mmoja, wewe umeiletea harambee.

Soprano wakaanza kucheka. Alto wakapokea. Besi walikuwa wanarekodi.

Hapo ndipo Wesonga alipojitokeza, kwa nje, suti ya Dubai. Akatangaza kwamba sasa watu watazame msafiri. Akatoa kadi yake ya wageni kwenye kifuko, akaigusisha kwenye geti dogo la pembeni. Nyekundu! Akaifuta kwenye tai. Nyekundu! Akamuuliza Irungu kwa sauti ya bosi kama mashine hii ni mbovu. Irungu akamwambia mashine ni nzima, mzee. Ni kadi ya London, na hapa ni Donholm.

Nilicheka mpaka vyuma vikanibana zaidi.

Ufunguo wa dharura ulikuwa kwa mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti alikuwa kwenye mazishi Mathare. Dakika arobaini. Annah alisimama kifuani pangu akipumua. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa kama zamani za uchumba, lakini alikuwa anahesabu. Nilimsikia. Alifika elfu moja na mia tatu.

Jumatatu, 14 Julai

Video iko kwenye kundi la korti. Mtu ameiwekea wimbo wa pambio.

Hibo amepanda ngazi kuja kunimalizia sentensi yake ya Jumatano. Ilikuwa hivi: lakini London kila kichwa na kadi yake. Ameacha kadi mbili za London kutoka kwenye mkebe, zile za kawaida. Zinafanya kazi bado, tuongeze pesa tu. Amempa Annah. Nilinyoosha mkono nami. Akampa Annah zote.

Hukumu ya mke wangu: hakuna aliyeshinda. Marion mwenyewe aamue.

Sina hamu ya chai.

Jumanne, 15 Julai

Marion amepiga. Wesonga na mimi tuko bega kwa bega kwenye kochi kama wanafunzi waliochelewa. Annah amemweleza yote, pamoja na sanduku. Binti yangu amecheka mpaka simu imekatika. Alipopiga tena akasema hakujua kulikuwa na mashindano. Jina la baba aliliandika kwenye fomu tangu Aprili. Nani mwingine alimfundisha kusoma kwa maandishi ya pakiti za unga? Anataka kumwona akilia pale mbele, kwa sababu anajua atalia.

Sikulia. Macho yana mzio wa kochi lile.

Nilitaka kumgeukia Wesonga nimcheke. Nilikuwa na maneno tayari, niliyapanga tangu Jumatano. Lakini alikuwa anaangalia viatu vyake. Akasema ni sawa, baba ni baba. Akaaga akaacha ugali na kuku kwenye sahani. Wesonga, akaacha paja!

Alhamisi, 17 Julai, London

Tumefika! Kila mtu na kadi yake shingoni, Annah ametufunga kamba kama watoto wa chekechea. Mageti yamefunguka yote, moja baada ya jingine, na mimi nimeyasalimu yote. Marion ametukumbatia stesheni, akatukabidhi tiketi. Amekonda. Wimbi litamrudisha.

Wesonga amenyamaza tangu uwanja wa ndege. Hata Dubai, tulipobadilisha ndege, hakutuonyesha kitu. Moyo wangu hauwezi.

Kwa hiyo nimeitoa tiketi yangu ya ukumbini nikaisoma vizuri, mbele na nyuma, kwa jicho la mtunza stoo. Inasema mgeni mmoja. Haisemi mgeni wa kilo ngapi. Na mlangoni hapana vyuma, nimemuuliza Marion: kuna mlinzi tu, mtu wa nyama na damu, na mtu huzungumza naye. Kesho saa tatu Wesonga atanifuata mgongoni, hatua kwa hatua, koti langu kubwa likitufunika wote wawili. Kiti tutagawana, kila mmoja tako moja. Nimempelekea habari chumbani kwake. Amefurahi mpaka akaniita kaka, na usiku huu hali chakula ili awe mwembamba.

Annah hatujamwambia. Anapenda mambo ya ghafla.