Ombi la Kununuliwa Programu Isiyoona Vizuri

Kasongo, tarehe 14 Novemba

Kwa Mama Mkurugenzi Régina Feza,
Ushirika wa Tusimame, Ofisi Kuu, Kindu

Nakala: Padri wa parokia na Shehe wa mtaa, ili baadaye wasiseme hawakuarifiwa

Kuhusu: Kampuni itakayotuuzia programu ya kuangalia mtandao

Mama Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima yote iliyobaki kwangu, nayo si nyingi, kwa sababu nitakazozieleza hapa chini. Ulinipa mimi, Célestin Kitenge, uenyekiti wa kamati ya kuchagua kampuni itakayotuuzia programu ya kuangalia mtandao wa ushirika wetu. Ulitaka wewe ukiwa Kindu na sisi tukiwa Kasongo tuweze kuona kwenye kompyuta kama antena za Nyangwe, Kabambare na Salamabila zinafanya kazi, badala ya kumtuma mtu kwa pikipiki akaulize. Kazi hiyo nimeifanya kwa moyo mmoja. Sasa naandika kuomba matunda yake yatupwe.

Sitaficha ninachokiogopa. Unajua kwamba nilifiwa na mke wangu zamani, na labda umesikia kwamba nimetuma posa Kabambare kwa Mama Pélagie, yule mwanachama wetu anayeuza mchele na chumvi karibu na soko. Mjomba wangu alipeleka neno mvua zilipoanza, na jibu bado. Kwa desturi yetu mwanaume aliyetuma posa hunyamaza: hapigi simu, haandiki, hapiti mbele ya nyumba ya watu akikohoa. Mimi nimenyamaza, lakini programu hainyamazi. Nikimkosa mama huyu nitakuwa nimemkosa kwa ajili ya kompyuta, jambo ambalo halijawahi kumpata mtu yeyote wa ukoo wetu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba tulichagua vizuri mno.

Kamati ilikuwa ya watu watatu: mimi, Mzee Asani anayetunza betri za hapa Kasongo, na Mama Consolée anayewasemea wanawake wa mchele. Karatasi zilizotoka ofisini kwako zilitutaka tuwape wauzaji alama kwa mambo kama "uwezo wa kuchambua mtiririko wa data". Hatukujua mtiririko huo unapimwa kwa kikombe au kwa debe. Kwa hiyo tuliwapokea wauzaji kama tunavyowapokea watu waliokuja kuomba mchumba: tuliwakalisha, tukawapikia, tukawauliza kwao ni wapi na nani anawajua. Kisha Mama Consolée akawauliza swali moja tu la mtandao: "Siku rezo ikikufa, nani atakuya?"

Muuzaji wa kwanza, aliyeshuka na ndege akiwa na viatu vyeupe, alisema siku hiyo tutaandika malalamiko yetu kwenye tovuti ya kampuni. Mzee Asani alimuuliza tutaandikaje na mtandao umekufa. Yule bwana akaomba maji ya kunywa. Wa pili alisema kuna mashine itakayotujibu saa yoyote, kwa upole, bila kuchoka. Mama Consolée alimwongezea ugali, akamwonea huruma. Wa tatu alikuwa Bisimwa wa Bukavu, aliyefika kwa pikipiki akiwa na matope hadi mbavuni. Kabla hajafungua mdomo, Mama Consolée alisema kwamba huyu amekwisha kujibu.

Tukampa majaribio. Kosa letu ni kwamba alichoahidi amekitimiza. Betri ikichoka Nyangwe, sisi wa Kasongo tunajua kabla ya wenyewe wa Nyangwe. Muuzaji wa namna hii hatukumzoea, na hatukujilinda.

2. Kwamba antena zilipewa majina ya watu.

Bisimwa alitueleza kwamba ndani ya programu kila antena lazima iwe na jina lake. Yeye alipendekeza namba: Namba Moja, Namba Mbili, Namba Tatu. Mzee Asani alikataa palepale. "Kitu haina ndoyi, haina mwenyeji," alisema. Naye ana haki, kwa maana kwetu mtoto hupewa jina la mtu aliye hai, na wawili hao huitana ndoyi: mtoto akiugua, mtu huyo atamletea kuku, akianguka atamwinua. Antena isiyo na ndoyi ni yatima. Basi ya Nyangwe ikapewa jina la Hippolyte, mwenye mitumbwi. Ya Kabambare ikapewa jina la Cadette, mkunga. Ya Salamabila, kwa kuheshimu uenyekiti, wakaiita Célestin.

Nilifurahi, sitasema uongo. Nilitoa jogoo. Watu wa Salamabila walimla, wakapiga vigelegele, wakainyunyizia antena maji. Hakuna aliyenidokeza kwamba antena hiyo imesimama juu ya kilima kinachopigwa na kila upepo, kwamba mbuzi hujikuna kwenye nguzo yake, na kwamba wachimba dhahabu wakitoka mashimoni jioni huchaji simu zao zote kwenye betri zake. Hivyo ndivyo nilivyopata ndoyi mgonjwa kuliko wote katika Maniema ya kusini.

3. Kwamba ujumbe unaeleweka.

Programu za wale wauzaji wengine huandika kwa maneno ambayo hakuna mtu wa huku angepoteza muda kuyasoma. Hiyo ni sifa kubwa, na inaniuma kwamba hatukuipa alama. Bisimwa, kwa adabu zake, ameifundisha programu yake Kiswahili, nayo hutuma habari kwenye simu ya kila mwanachama. Kwa hiyo kutoka Kasongo hadi Salamabila watu wamesoma yafuatayo: "Célestin amechoka." "Célestin amezidiwa na mzigo." "Célestin hapatikani tangu jioni." Na kila asubuhi, jua likigusa sahani za umeme kule kilimani: "Célestin amerudi."

Wanajua wote kwamba ni antena. Wanajua, na wanacheka. Fidèle anayeuza mawese huniuliza mbele ya wateja kama leo niko na rezo. Hippolyte, ambaye antena yake haijaanguka hata mara moja, ameanza kutembea kifua mbele na kunishauri nile vizuri. Kiongozi wa kwaya amenitoa kwenye wimbo wa Noeli, kwa kuwa, asema, hana hakika kama nitafika ubeti wa mwisho.

4. Kwamba kuna ujumbe mmoja unaopita mipaka.

Antena ya Kabambare ikiitafuta ile ya Salamabila isiipate, programu huandika hivi: "Cadette anamwita Célestin. Célestin hajibu." Hujirudia mpaka ile ya Salamabila iamke. Mama Cadette ni mwanamke wa heshima, jirani yake Pélagie, na mumewe, Bwana Dady, ni mchinja ng'ombe. Bwana Dady ni mwelewa, ameniambia hivyo yeye mwenyewe, lakini aliniambia akiwa ananoa kisu.

5. Kwamba tumenyang'anywa visingizio.

Zamani mtandao ulipokufa, Kasongo ililaumu Kabambare, Kabambare ikalaumu Salamabila, Salamabila ikalaumu mvua, na sote pamoja tukalaumu Kinshasa, tukalala kwa amani. Siku hizi programu inaonyesha wazi kilichotokea na mahali kilipotokea. Ilipoonyesha kwamba betri za Salamabila zinanyonywa na simu, wachimbaji waliambiwa, wakanuna, kisha wakapanga zamu ya kuchaji. Nakiri kwamba jioni antena sasa inasimama vizuri zaidi, na bei za mchele zinafika kule siku ileile. Lakini je, tumepata nini kwa kujua? Tumebaki na ukweli tu. Macho hayana pazia, Mama Mkurugenzi, na ndiyo maana nyumba zikawekewa.

6. Kwamba jana niliuawa.

Jana dhoruba ilipita Salamabila, ikang'oa ile nguzo na kuilaza antena chini. Watu wote ni wazima, namshukuru Mungu. Lakini kila mwanachama alipokea maneno haya, nayanakili yalivyo: "Célestin ameanguka. Hakuna dalili yoyote." Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi si kijana, na mgongo huniuma kukiwa na baridi. Nilikaa na simu hiyo mkononi nikamfikiria Pélagie akiisoma kati ya magunia yake, wateja wakichungulia begani mwake. Mwanamke gani atasema ndiyo kwa mtu anayetangazwa hivyo? Nimeona haya, na zaidi ya haya nimeona uchungu, maana huyu mama nampenda, na sina njia ya kumwambia bila kuvunja desturi.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa unyenyekevu:

Kwanza, Bisimwa ashukuriwe na kurudishwa kwao, na kazi apewe yule bwana wa viatu vyeupe. Programu yake naamini haitaona kitu chochote zaidi ya Kinshasa. Kwa usalama zaidi ifungwe kwenye kompyuta isiyo na kioo.

Hilo likishindikana, antena ya Salamabila ibadilishwe jina. Lakini nimekwisha kumuuliza Mzee Asani, naye anasema jina lililoliwa jogoo halirudishwi. Watu wa Salamabila nao wamegoma. Wanasema Célestin wao wamemzoea hivyohivyo na madhaifu yake.

Na hilo nalo likishindikana, basi nibadilishwe mimi. Naomba ushirika uniandikie barua kwa mwandishi wa vizazi na vifo, ili antena ibaki na jina langu na mimi nipewe lile ililokataliwa. Kuanzia hapo niitwe Namba Tatu Kitenge. Nimelijaribu kwa sauti nikiwa peke yangu na halina ubaya.

Nisalimie mhasibu, mlinzi wa lango, yule mama wa chai, na mtoto wako aliyefaulu mtihani wa taifa. Mzee Asani anakusalimu, ingawa hakubaliani na mstari hata mmoja wa barua hii. Mama Consolée naye anakusalimu. Nilimwomba atie sahihi, akaniuliza kama nimekula.

Ni mimi, niliye mzima na niliyesimama,

Célestin Kitenge
Mwenyekiti wa Kamati (mtu, si antena)

Nyongeza, kabla pikipiki ya Kindu haijaondoka:

Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha. Nimeifungua tena kwa sababu Pélagie amefika.

Amekuja na pikipiki kutoka Kabambare, njia nzima ya mvua, kitambaa cha kichwa kimelowa, na kwenye magoti amebeba sufuria ya sombe ya majani ya muhogo, iliyofungwa kwa kanga. Nilimkimbilia nikamweleza upesi kwamba iliyoanguka ni antena, si mimi. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kusema. "Minajua ni antena, Célestin," alisema. "Miye siko mujinga. Lakini simu ilisema jina yako, na roho ikakataa kukaa."

Kisha akauliza nilikuwa wapi tangu mjomba alipoleta neno. Nikamweleza desturi ya kunyamaza. Alisema desturi hiyo bila shaka ilitungwa na wanaume waliokuwa na woga, na kwamba muda wote huu aliyempa habari zangu ni ile programu peke yake. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, hungoja simu iseme "Célestin amerudi". Ndipo huweka sufuria jikoni. Amesikia kwamba mimi ndiye ninayetaka izimwe. "Mukiizimisha," aliniuliza, "asubuhi nani ataniambia?"

Nililia kidogo, mbele ya Mzee Asani, na yeye kwa uungwana akageuka kuzipanga betri zilizokwisha kupangwa. Jibu la posa Pélagie anasema atampa mjomba, kama inavyopasa. Lakini amekwisha kuuliza chumvi naweka wapi, na amehamisha jiko langu upande mwingine wa ua.

Kwa hiyo, Mama Mkurugenzi, naomba namba moja hadi sita uzichane, pamoja na maombi yote yaliyofuata. Tia sahihi mkataba wa Bisimwa, tena wa miaka mingi. Programu iendelee kuona, iendelee kusema, na majina yabaki yalivyo, la antena na langu.

Limebaki jambo moja dogo. Pélagie amesema atarudi Kabambare siku simu yake itakaposema "Célestin amerudi". Bisimwa, kwa bidii yake ileile, anajiandaa kwenda Salamabila kuisimamisha ile nguzo, na ameiomba ofisi yako impe pikipiki. Nakuomba sana usimpe.