Kinyozi wa Ngazi ya Tatu

Jumatatu, 18 Aprili 2022. Shanghai, ngazi ya tatu, ghorofa ya sita.

Siku ya kumi na nane ya kufungiwa ndani kwa sababu ya korona. Serikali ya mtaa imeleta sanduku: kabichi, karoti, kabichi nyingine. Kahawa imeisha tangu jana. Mtaliano bila kahawa ni samaki juu ya meza. Detlef, Mjerumani wa ghorofa ya nne, ana mifuko miwili, na harufu yake hupanda ngazi kila asubuhi mpaka mlangoni kwangu. Nimempigia simu, nikapendekeza tubadilishane kwa kabichi. Amesema kabichi anazo. Tangu aanze kuagizia majirani mayai, ngazi nzima inamwita Bwana Mayai na kumsikiliza kama waziri. Ana miaka mitatu tu hapa. Mimi nina kumi na moja, nauza vifungo vya mashati kwa viwanda vya hapa, na Kichina changu hakina mfano.

Jumanne, 19 Aprili

Foleni ya kupimwa koo, uani. Nilikuwa nyuma ya watu ishirini na nilichoona ni visogo. Visogo vya kutisha. Vinyozi wote wamefungiwa kama sisi. Hapo hapo akili ikawaka.

Niliporudi juu niliandika kwenye kundi la simu la ngazi yetu kwamba baba yangu alikuwa kinyozi wa Ravenna miaka arobaini, na kwamba niko tayari kuwahudumia majirani kwa kahawa, au chochote kinacholika kisichokuwa kabichi. Ukweli ni kwamba baba aliuza viatu. Lakini duka la jirani yake lilikuwa la kinyozi, na ukuta ulikuwa mwembamba.

Bibi Qiu, balozi wa mtaa anayesimamia ngazi yetu, alipiga kuuliza kama nina hakika. Nilimwambia nywele ziko kwenye damu yangu. Akasema basi tuvae barakoa na tufungue madirisha.

Mkasi ninao, wa kukatia nyuzi za vifungo. Nimefanya mazoezi kwenye dekio. Dekio limependeza.

Jumatano, 20 Aprili

Mteja wa kwanza, Mzee Fei wa ghorofa ya pili. Ana nywele kama thelathini hivi, nimezipunguza zote kwa heshima. Amesema mgeni ana mkono mwepesi, akanipa mayai mawili yaliyochemshwa ndani ya chai na kuniazima mashine yake ya kunyolea. Hadi mchana watu watatu wameomba nafasi. Detlef ameuliza kundini kama nina cheti. Sikumjibu. Wasanii hawajibu.

Alhamisi, 21 Aprili

Mwalimu Jiang wa ghorofa ya tatu alitaka nywele ziishie usawa wa masikio. Nilikata kushoto, zikawa fupi. Nikasawazisha kulia, zikazidi kuwa fupi. Nikarudi kushoto. Tuliendelea hivyo kwa muda. Mwisho alijitazama kwenye simu, kisha akaniuliza kama kwetu sikio moja huota juu kuliko jingine. Anafundisha hesabu. Hata hivyo alinipa kipande cha tofu. Nadhani ni kwa huruma.

Ijumaa, 22 Aprili

Nimepata kazi kubwa. Xu Kewen wa ghorofa ya tano alikuwa afunge ndoa mwezi huu, ukumbi ukafutwa. Mchumba wake, Meilan, amefungiwa kwa wazazi wake ng'ambo ya mto. Wamechoka kusubiri, na Jumapili watafanya sherehe kwa simu, familia zote zikitazama. Anataka kunyolewa kesho. Malipo ni kopo zima la kahawa. Nilijiuliza kama ni haki kukubali. Nilijiuliza kama sekunde mbili.

Jumamosi, 23 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Xu alikaa kwenye kiti, kwenye kibaraza cha ngazi, shuka shingoni. Nilikuwa naanza mbele kwa mashine ya Mzee Fei. Detlef akapanda na orodha yake ya mayai, akasema, “Habari za kazi, fundi?” Nikageuka ili nimjibu kwa dharau inayomstahili. Mkono haukugeuka. Mashine ikaacha barabara nyeupe kutoka kwenye paji la uso mpaka utosini.

Xu aliuliza kwa nini anasikia baridi pale. Nilimwambia ni mtindo. Akatoa simu, akajiona. Hakunitukana. Alisema polepole, “Bibi yangu ana miaka tisini na moja. Kesho ndiyo ananiona mara ya kwanza tangu mwaka juzi.”

Afadhali angenitukana. Nilimwambia baba yangu aliuza viatu.

Bibi Qiu alikuja, akatazama, akashuka. Alirudi na Mama Gu wa ghorofa ya chini, ambaye kwa miaka kumi na moja hajawahi kuitikia salamu yangu. Nilidhani ni bubu. Kumbe amefanya kazi saluni miaka thelathini na minne. Bibi Qiu alimuuliza kwa nini hakusema.

“Nani aliniuliza? Mlikuwa mnamsikiliza mgeni.”

Nilimuomba radhi, nikimtaja kwa jina. Akanyanyua wembe. “Mwanangu, mimi ni Gu. Wewe kila asubuhi unasema Gou. Miaka kumi na moja: habari za asubuhi, Mama Mbwa.”

Xu ndiye aliyecheka kwanza. Mama Gu akamnyoa kichwa chote, taratibu, kama anayemenya yai.

Jumapili, 24 Aprili

Tulijipanga kwenye ngazi, kila mtu mlangoni kwake, barakoa usoni na sufuria mkononi kwa ajili ya kupiga. Xu amevaa suti, kichwa kinang'aa. Meilan alipotokea kwenye simu alicheka mpaka rangi za macho zikamshuka. Kisha bibi yake Xu akaletwa mbele ya kamera huko Hangzhou. Alimtazama mjukuu wake muda mrefu, akasema, “Hivi ndivyo ulivyokuwa siku uliyozaliwa. Mimi ndiye niliyekupokea.” Hapo sufuria zote zilinyamaza. Mwalimu Jiang alilia. Mimi niliingiwa na kitu jichoni.

Baadaye Detlef alipikia ngazi nzima kahawa. Kikombe changu alinipa yeye mwenyewe. Kahawa nzuri, kwa bahati mbaya. Mama Gu ameniamuru niwe nafagia nywele za wateja wake wote.

Jumatano, 1 Juni

Lango limefunguliwa. Watu wanatembea tu barabarani, hawaendi popote. Mama Gu amesema kati ya wafagiaji wote aliowahi kuwa nao mimi si mbaya sana, na leo nimelitamka jina lake vizuri mara mbili kati ya nne.

Mchana Bibi Qiu aliandika kundini kwamba bomba la ghorofa ya pili limepasuka na mafundi wa mji mzima wana kazi mpaka wiki ijayo. Kuna yeyote anayeweza? Niliona kwenye simu kwamba Detlef ameanza kuandika. Niliandika haraka zaidi: mama yangu alikuwa fundi bomba miaka arobaini.

Mama alikuwa mkunga. Lakini hata huko chupa hupasuka na maji humwagika. Naanza kesho saa tatu.