Tarehe 31 Aprili

Jumatatu, 2 Machi 1987
Ofisi yetu ya chanjo, hapa Rwambuzi, ina ordinatere moja, yaani kompyuta, na waandishi wawili wa programu: mimi Donatien na Emérance. Yeye ameandika katika faili yake, tarehe.c, fonksio, kipande cha programu cha kuhesabu siku ya chanjo ya pili. Naihitaji katika faili yangu, orodha.c. Kumuomba? Hapana. Muzee Mathieu, mkuu wetu, atampeleka mmoja wetu Kisangani kusoma. Nimeinakili kimyakimya.

Jumanne, 3 Machi
Mashine imegoma. Inasema jina moja limeandikwa katika faili mbili. Nimeibatiza nakala yangu tarehe_ya_donatien. Imekubali. Akili ninayo.

Jumatano, 4 Machi
Wakati wa chai Emérance amesema fonksio yake ilikuwa na kosa: kila mwezi ulipewa siku thelathini na moja. Ameshairekebisha. Nimempongeza. Orodha yangu ya tarehe za chanjo imeondoka na lori, kwenda Mahagi-Port.

Ijumaa, 6 Machi
Gertrude, muuguzi wa Mahagi-Port, ameita kwa fonii, redio yetu ya mawasiliano. Surua iko kule, na chanjo hufika kwa tarehe za orodha tu, ndani ya barafu. Akauliza, Muzee Mathieu akisikia: “Avril iko na siku makumi tatu. Hawa wamama wa trente et un avril, makumi tatu na moja, waje siku gani?”
Ni orodha yangu.
Emérance alifungua faili yangu, akasoma. “Donatien, weye ungeniuliza tu.”
Akafuta nakala yangu. Akaandika faili fupi, tarehe.h, yenye kutaja fonksio yake tu, kisha mstari mmoja wa #include, unaoingiza faili hiyo, juu ya faili yangu. Fonksio inabaki kwake, mimi naiita. Akirekebisha kwake, kwangu pia kumerekebishwa. Halafu tukamsomea Gertrude tarehe mpya, jina kwa jina, mpaka sauti yangu ikakauka.
Muzee alipotaka kujua kosa ni la nani, Emérance alisema lilianzia kwake. Nilitazama ukuta. Machozi yalikuwa karibu.

Jumapili, 8 Machi
Kwenye misa nimemshukuru Mungu kwa ajili ya Emérance. Kisha nimempelekea kuku. Alicheka, akanikaribisha tumle pamoja.

Jumatatu, 9 Machi
Emérance ndiye atakayekwenda Kisangani. Anastahili, na nimefurahi kweli. Asisumbuliwe huko na maswali yangu. Kwa shukrani, nimenakili fonksio zake zote kumi na nne ndani ya faili zangu, na kila moja nimeipa jina jipya.