Kanzu ya Aiman kwa Mkono wa Mama Yake

Alhamisi, 20 Machi

Niko ndani, Tegeta, kama jana na juzi. Arobaini yangu haijaisha na Idi itanikuta humu humu.

Leo nimejitia kitanzi mwenyewe. Wifi yangu Salsabil, dada wa mume wangu, karusha picha kwenye kundi la wasapu la ukoo: gauni la Idi la mwanawe, limeagizwa Dubai, lina mabawa. Mabawa! Chini yake akaandika kwamba Aiman wangu nisimhangaikie, atamnunulia kanzu yeye shangazi, maana inajulikana mama yake na sindano hawaivi chungu kimoja. Ukoo mzima ukacheka. Hata mume wangu Aidarus aliweka kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi. Anasema kidole kiliteleza.

Nikajibu palepale: Aiman atavaa Idi yake ya kwanza kanzu iliyoshonwa kwa mkono wa mama yake. Nikatuma. Kisha nikakumbuka kwamba maishani mwangu nimeshona foronya moja, na mto ulikataa kuingia.

Lakini cherehani ninayo, ya marehemu mama. Idi yangu ya kwanza alinishonea gauni yeye mwenyewe, la manjano, na picha yake ninayo mpaka leo. Mama hayupo kumshonea mjukuu wake, na hilo linaniuma kuliko uzazi wenyewe. Basi nitashona mimi.

Kikwazo ni Mama Mkwe, Bi Zuwena. Kahamia kwetu kutoka Temeke kunilea. Ananikanda kwa maji ya moto, ananifunga mkaja tumboni, ananinywesha uji wa pilipili manga mpaka natoka jasho kwenye kope. Nikamgusia cherehani. Akasema mzazi hakanyagi cherehani, mgongo utakuja kumdai uzeeni. Akaitandika kitambaa hapo hapo chumbani kwangu, akapanga juu yake chupa ya chai, vikombe na mafuta ya mtoto. Sasa ni meza.

Sawa. Nitashona kwa siri.

Jumamosi, 22 Machi

Siri ina kelele. Cherehani ya mama inanguruma kama mashine ya kusaga. Lakini nimepata dawa yake. Jirani yetu Felicitas, mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Bukoba, tunatenganishwa na ukuta mmoja tu. Nimemwomba kwamba nikimtumia alama ya dole gumba afungulie kwaya, na asione haya na sauti. Akauliza kama ni sawa, Ramadhani yote hii. Nikamwambia ni dharura ya kifamilia.

Mpango ulifanya kazi kwa mshono mmoja. Mama Mkwe alikuwa jikoni anasukuma manda za sambusa. Kwaya ikaanza. Nikakanyaga. Mara jikoni kimya! Nikachungulia: kavuta kigoda mpaka mlangoni kwangu, ubavuni mwa ule ukuta, anasikiliza, kichwa kinakwenda na mdundo. Nikaruka kitandani na kukoroma. Baadaye akanipa pole kwa kelele, akasema hata hivyo vijana wale wana sauti, na kama nina namba ya jirani nimwombe arudie ule wimbo wa pili.

Vipimo tayari. Aiman akilala haguswi, ni amri ya bibi yake, kwa hiyo nimempima shingo tu, kwa uzi, haraka haraka. Kishingo chembamba mno, nikatamani kukila! Kiwiliwili nimekipata kwa chupa ya chai. Wamelingana unene, na chupa hailii. Tangu sasa najaribishia hiyo. Nguo inapita vizuri sana.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemaliza mikono ya kanzu. Miwili, yote ya kushoto.

Kitambaa kimekwisha. Nikamtuma Aidarus akitoka dukani kwake aniletee kitambaa cheupe cha kanzu, kipande kidogo. Aidarus anauza saruji na misumari, na kitambaa anakijua kwa kukivaa tu. Karudi na kanzu nzima, imeshashonwa, ya mtoto wa darasa la pili. Nikamuuliza hii ya nani. Akasema atakua. Nilikasirika mpaka maziwa yakaanza kuchuruzika yenyewe. Akaenda kujificha msikitini.

Bahati nzuri Mama Mkwe kaleta mapazia mapya ya Idi. Meupe, yana maua ya kufumwa mle mle, na yametundikwa sebuleni leo hii. Yanafika sakafuni na kubaki. Kubaki huko si israfu? Nimekata pembe ya chini, nyuma ya kochi, pasipoonekana na mtu. Mkono wa kulia umepatikana. Una maua ukiusogelea, lakini nani atakuja Idi kukagua mkono wa mtoto?

Jumatano, 26 Machi

Siku ya hatari! Nimetoka nje na kurudi bila kujulikana.

Uzi uliniishia, na duka la vifaa vya ushonaji liko barabarani hapo juu. Mzazi wa arobaini hatoki. Lakini Mama Mkwe, kwa ile saumu, hulala baada ya adhuhuri, na leo Aiman alikuwa kashiba, kalala ubavuni mwake. Nikavaa baibui lake. Nikavaa na nikabu yake. Kimo chetu ni kimoja. Ili kusikosekane kitu nikachukua na mkoba wake, na nikawa nachechemea kidogo, maana yeye goti linamsumbua.

Dukani nani huyu? Bi Ghanima, shoga yake Mama Mkwe tangu madrasa! Akanidaka mkono. Bi Zuwena, goti je? Nikakohoa. Kikohozi hicho tangu lini? Nikakohoa zaidi. Akauliza mkweo hajambo, au bado mkaidi vile vile? Nikatikisa kichwa kukataa kwa nguvu zangu zote. Akacheka, akasema ndivyo, kumtetea nimekuzoea, na hata kule kwenye shughuli ya kina fulani uliwanyamazisha wote kwa kumsifu. Sikumwelewa. Halafu akasema bahati tumekutana, ile kanzu ya mjukuu wako fundi kaimaliza, hii hapa. Akaitumbukiza mkobani na kwenda zake.

Kanzu ya mjukuu! Kumbe Mama Mkwe anashonesha nyuma ya mgongo wangu! Yaani adui yangu si Salsabil peke yake.

Nimeikagua nyumbani. Darizi, sikatai, ni nzuri, imetulia. Lakini fundi wake ni mzembe: kaacha shingo wazi mpaka kifuani, na vifungo vitatu vya kuifungia. Vyote hivyo vya nini? Yangu ina shingo moja, safi, ya mviringo.

Nikafikiria kuificha kwenye gunia la mchele. Nikajizuia, maana wizi utajulikana. Nimerudisha baibui msumarini, mkoba mahali pake, kanzu mle mle ndani. Sijaacha alama yoyote.

Jioni Mama Mkwe alifungua mkoba wake kutafuta tasbihi. Akaiona kanzu. Akaliangalia baibui, akaniangalia mimi. Kisha akaenda kunichemshia tangawizi, akasema ni ya kikohozi. Sina kikohozi. Uzee umeanza kumchanganya.

Ijumaa, 28 Machi

Leo mapambo. Salsabil karusha sebule yake kundini: taa za rangi, zulia jipya, birika la shaba. Nikasema sishindwi. Nimekata nyota na miezi kwa ile karatasi ya fedha ya kufunikia vyakula, ishirini na kitu, na Aidarus akapanda ngazi kuzitundika. Feni ilipowashwa zikaruka zote zikaangukia futari. Mwezi mmoja umepatikana kwenye kaimati. Nimezitundika tena na feni nimeizima. Joto tutavumilia, ni Idi.

Kanzu bado kuunga mikono na pindo. Hesabu yangu ni hii: Ramadhani inatimia thelathini, Idi ni Jumanne, namalizia Jumatatu kwa utulivu. Mama Mkwe akaniuliza je, mwezi ukiandama Jumapili? Nikamhakikishia kwamba mwaka huu hautaandama. Akauliza tena kama kuna kazi yoyote ningependa anisaidie, yoyote ile, hata ya mkono. Nikamwambia hakuna, apumzike. Akatoka. Kasahau kitandani kwangu kibweta chake cha sindano na uzi mweupe. Namsikitikia. Uzi nimeutumia.

Jumapili, 30 Machi

Mwezi umeandama!!

Tangazo limetoka kwenye runinga, nami mdomoni nina tende. Nyumba nzima takbiri, vigelegele, simu. Mimi nalia. Kesho Idi na kanzu haina mkono hata mmoja. Salsabil kaandika kundini kwamba ana hamu ya kuiona kazi ya mikono ya mama Aiman.

Lakini bahati iko upande wangu. Mama Mkwe kasema anaingia jikoni kuchambua mchele wa biriani, hataki mtu amfuate, na Aiman anakaa naye. Mlango kaufunga mwenyewe. Tena kampigia Felicitas na kumwomba afungulie kwaya, kwa sauti ya juu kabisa, eti imchangamshe kazini. Kwa bahati kama hii mtu atashindwa vipi? Nimekanyaga mpaka kanzu imekamilika. Nimeivisha chupa ya chai. Imekaa!

Jumatatu, 31 Machi. Idi!

Asubuhi. Aiman kaogeshwa, kapakwa, kafukizwa udi. Kipara chake cha akika kinang'aa. Nikamwita Aidarus ashuhudie. Nikaishusha kanzu.

Kichwa hakipiti.

Nikavuta. Ikaja mpaka puani ikagoma. Haishuki wala hairudi. Aiman akapiga ukelele ambao nina hakika waliusikia Bagamoyo. Kanzu ikawa imemmeza nusu, mdomo tu ndio uko nje. Aidarus akasema tumpake mafuta. Kisha akasema ana koleo garini. Nilimwambia maneno ambayo siku ya Idi hayaandikwi. Na getini honi! Salsabil!

Nililia. Si kwa ajili ya Salsabil, nasema kweli. Nilimwona mama na cherehani yake, nikaona nimemwangusha, na mwanangu ananililia kwenye nguo niliyomtesea mimi.

Mama Mkwe akaingia. Akachukua mkasi, akatia vidole vyake ndani visimguse mtoto, akakata toka shingoni mpaka kifuani, mkato mmoja. Kichwa kikatoka. Akakunja kingo za ule mkato, akatia sindano upesi upesi na mtoto mapajani, akakata kifungo kwenye gauni lake la Idi na kukishonea hapo. Akautazama mkono wa kulia wenye maua. Akatazama sebuleni, kwenye pazia. Akautazama mkono tena. Akasema tu, "Haya, mama Aiman. Mtoe mwanao aonekane."

Sebuleni Salsabil akamgeuza Aiman huku na huku kama anayekagua embe sokoni. Akafungua mdomo. Mama Mkwe akamwahi, akatangaza mbele ya wageni wote kwamba kanzu hii kashona mama mtu kwa mkono wake, ndani ya arobaini, na wangapi hapa wanaweza? Salsabil akasema imependeza. Alisema! Kisha akageukia pazia, akauliza mbona limekatwa pembe. Nikamwambia ndiyo mitindo ya mwaka huu. Kalipiga picha.

Nilimbeba Aiman mpaka kwenye picha ya gauni la manjano na kumwonyesha. Nikalia tena, safari hii vizuri.

Jioni nilipita chumbani kwa Mama Mkwe. Ile kanzu ya darizi alikuwa anaikunja na kuisukumia chini kabisa ya sanduku lake. Hakuitoa hata mtu mmoja akaiona. Nimeelewa: kaiona yangu, kakata tamaa. Ushindi mtupu!

Jumanne, 1 Aprili. Idi pili

Nimelala vizuri na sasa naona mambo kwa uwazi. Nilichojifunza: nina kipaji. Shingo ile ndogo ilikuwa ni akili, maana ingekuwa kubwa tangu mwanzo, wangekata wapi? Siri zangu zote zimeshika. Hakuna aliyesikia cherehani, hakuna aliyejua nimetoka. Bi Ghanima alikuja kutoa mkono wa Idi, akamuuliza Mama Mkwe kikohozi, na Mama Mkwe akamjibu kimepoa. Nilimwambia Aidarus kwamba mama yake anaanza kusahau ni nani alikuwa anakohoa.

Nimeandika kundini: Idi kubwa, wanaume wote wa ukoo watavaa kanzu zilizoshonwa na mimi, sare. Tayari watu kumi na wanne wamejiandikisha. Salsabil kaweka kile kikatuni cha kucheka machozi. Wivu.

Mama Mkwe aliisoma simu yake taratibu, mpaka mwisho, akavua miwani. Kisha akasema arobaini yangu ikiisha harudi Temeke, atabaki hapa hapa mpaka Idi kubwa ipite, na angependa kitanda chake kihamishiwe karibu na cherehani. Nimemwelewa. Anatamani kujifunza, anaona haya kusema. Nimemshika mkono nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamfundisha.