Jenereta Kwa Daktari wa Meno

Alasiri ile, katika bafu la mvuke nyuma ya soko la samaki mjini Mokpo, wanawake wanne walikuwa wamejilaza kwenye sakafu ya moto ya ukumbi wa mapumziko, taulo kichwani, wakimenya mayai ya kuchoma. Runinga ikatangaza kwamba sasa hata madaktari wa meno wanasaidia watu wanaokoroma na kukatika pumzi usingizini.

"Haya Jenereta, wamekutangaza!" alisema Redio, mwanamke asiyepitwa na habari hata ya mtaa wa pili.

Mama Garam, mpishi wa shule, akajifanya hasikii. Jina la Jenereta alilipata ukumbini humohumo, siku alipokoroma hadi mgeni mmoja akamwendea meneja kuuliza kama umeme umekatika.

"Daktari wa meno!" akadakia Mama Mto, muuza mito ya kulalia iliyojazwa mawe ya kijani, ati ya tiba. "Kesho fundi viatu atatibu macho. Nunueni mto wangu, shida ziishe."

"Mto wako si nilinunua?" Mama Garam akamjibu. "Umenipa shingo mpya kabisa. Haigeuki."

"Ila meno yanaingiaje hapo?" Redio akauliza. "Wanakung'oa la mbele ili hewa ipite?"

"Wewe wakuanzie na ulimi," Mama Garam akasema.

Wakacheka wote, isipokuwa Dada Sun-rye, mkubwa wao kwa umri. Aliweka yai lake chini.

"Mdogo wangu, kukoroma kwako nimeshakuzoea. Kinachonitisha ni ukinyamaza. Unanguruma, halafu kimya. Kifua kinahangaika, hewa haiingii, mpaka ushtuke kama mtu aliyeibuka majini. Marehemu mume wangu alikuwa hivyohivyo. Tulimcheka miaka, hadi asubuhi moja hakuamka."

Redio akaizima runinga mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Mama Garam alihisi baridi juu ya sakafu ile ya moto. Kuna jambo hakuwa amemwambia mtu: juzi alisinzia amesimama jikoni, mwiko mkononi, mbele ya sufuria la supu inayochemka. Kidogo tu angepikwa yeye.

Akaenda hospitali. Wakambandika nyaya mwili mzima, wakamlaza usiku kucha, wakaona kweli pumzi inamkatika, kisha wakampeleka kwa daktari wa meno, Daktari Pyo.

Aliporudi bafuni, baraza lilikuwa linamngoja.

"Amekung'oa mangapi?"

"Hajagusa hata moja. Kapima meno, kanitengenezea kifaa cha plastiki, nakivaa nikilala."

"Kama bondia!" Redio akapiga makofi. "Mumeo ajihadhari."

"Mume wangu yuko chumba cha mtoto toka mwaka juzi, nimpige nani? Sikilizeni. Nikilala, ulimi unarudi nyuma unaziba koo. Kifaa kinavuta taya la chini mbele, njia inabaki wazi. Basi."

"Na mto je?" Mama Mto akauliza kwa unyonge.

"Nimeuulizia. Daktari kasema unafaa kuzuia mlango."

Siku za mwanzo alitaabika: taya linauma, mate yanamtoka kama mtoto anayeota meno. Akataka kukitupa. Daktari Pyo akamwambia avumilie, akawa anakirekebisha kidogokidogo. Hatimaye mume akarudi na blanketi lake, bila kuitwa, akijifanya amepotea njia.

Ndipo alasiri moja Mama Garam akajinyoosha ukumbini, kifaa mdomoni, akalala.

Kimya.

Redio akakatisha umbea katikati. Mama Mto akasogeza kidole kuelekea pua ya Mama Garam, kisha akaogopa, akakirudisha kabla hakijafika.

"Mbona hasikiki?"

"Kifaa kimeshuka kooni!"

"Mwamsheni!" Dada Sun-rye alipiga kelele. Mmoja akavuta mguu, mwingine bega, na Redio akammwagia kinywaji chake cha mchele chenye barafu.

Mama Garam akaruka. "Mnathaka nini?" Akatoa kifaa. "Mna wazimu?"

"Tulidhani umekufa!"

"Nikikoroma hamlali, nikinyamaza mnanizika! Usingizi mtamu wa kwanza tangu nimzae Garam, mnanimwagia barafu?"

Wakainamisha vichwa. Dada Sun-rye akamfuta uso kwa taulo lake.

"Lala, mdogo wangu, lala," alisema. "Ila tunakuomba, mara mojamoja uwe unakohoa."