Maua Saba kwa Ajili ya Sylvi

Jumapili, 16 Juni

Kahawa kwa jirani yangu Sylvi. Vikombe vitatu. Kasema binti yake wa Oulu anamtaka akaishi naye mjini, na mnunuzi wa nyumba amepatikana. Jibu atalitoa siku ya Juhannus, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi, Jumamosi hii. Kisha akanitazama. Nikamwambia keki ya rubarbi imekolea sukari. Akasema ahsante.

Miaka sita tangu mumewe afariki nakalia kiti kile kile jikoni mwake. Akiondoka nitaumia sana. Naliandika hapa, hapa hakuna wa kunicheka.

Lakini mzee wa miaka sitini na nane hamwambii mwanamke abaki bila kuwa na hakika. Nimekumbuka ya marehemu mama. Mkesha wa Juhannus, asiye na mwenzi huchuma maua saba ya aina saba, huruka nyua saba, na hatamki neno mpaka aamke. Akiyalalia chini ya mto, humwota atakayeoana naye. Nikimwota Sylvi, nasema. Mpango hauna tundu!

Jumatatu, 17 Juni

Theluji iliondoka mwisho wa Mei, maua yamechelewa. Nimezunguka kijiji kizima, nimepata aina nne tu. Nikakata tawi lenye vitumba, nikaliweka ndani ya sauna, chumba changu cha kuogea mvuke, lifunguke kwa joto. Nikasahau, nikaoga. Limeiva. Linanuka mchicha.

Jumatano, 19 Juni

Afadhali! Aina mbili zaidi zimechanua kando ya mtaro. Lakini redio inasema usiku huu baridi itagandisha ardhi. Nimetoa mashuka yangu yote sita, nikayafunika maua ya mtaroni. Kalervo, mstaafu wa posta, mwenye nyumba ya vioo ya kupandia nyanya na majivuno yake, kapita na baiskeli. Kauliza bwana Oiva anamzika nani huko. Nikamwambia apite zake. Akaenda huku anacheka.

Alhamisi, 20 Juni

Maua yamepona! Viazi vyangu vimeungua kwa baridi vyote. Nilivisahau kabisa.

Vya Sylvi vizima. Kalervo alikwenda kumfunikia bila kuombwa. Sylvi kasema alinitazamia mimi, maana kila mwaka ni mimi. Nikamjibu mashuka yangu yalikuwa na kazi. Hakuuliza kazi gani. Huyo Kalervo ana nini cha kujivunia? Mashuka tu.

Ijumaa, 21 Juni. Mkesha

Nimefunga mdomo saa kumi na mbili jioni. Jua bado liko juu, kiangazi huku halina haraka ya kuzama, mbu hawahesabiki, na kuwatukana ni marufuku. Kijiji kina nyua tatu tu. Nimeruka wa Kalervo mara tano. Kipande cha suruali kimebaki huko.

Maua sita mkononi. La saba ni moja tu nililoliona: ua jeupe la hilla, tunda letu ghali la porini, kinamasini nyuma ya kwa Sylvi. Ukichuma ua la hilla umeua tunda. Mtu wa huku hafanyi hivyo hata kwa fedha. Nimelichuma. Nikainua kichwa, Sylvi amesimama mbele yangu.

Kuhusu ua hakusema kitu. Alisema, "Oiva, kesho lazima niwajibu Oulu. Niambie neno moja tu. Niende, au nibaki?"

Nilikuwa na maua saba! Saba kamili! Neno lilinijaa mdomoni. Nikaonyesha maua, nikaonyesha mdomo, nikaonyesha mbingu. Mbu akatua puani, nikajipiga kofi. Alisubiri muda mrefu. Kisha akasema haya, Oiva, nimeelewa, akarudi kwake. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani ni mbu.

Jumamosi, 22 Juni. Juhannus

Nimemwota! Sylvi mwenyewe, na aproni yake ya bluu, ananimiminia kahawa. Nimetoka mbio, petali zimenigandia shavuni. Nimemkuta mezani. Simu alishapiga jana, alipotoka kinamasini. Mnunuzi amekubaliwa.

Akaniuliza jana nilikuwa na nini, akaniondolea petali shavuni kwa kidole. Nilitaka kumwambia ndoto. Kisha nikafikiri: ananimiminia kahawa kila siku. Hiyo ni ndoto gani? Haitoshi. Nikasema koo lilikuwa linaniwasha.

Alhamisi, 27 Juni

Basi la asubuhi. Kalervo alibeba masanduku. Mimi nilibeba mtungi wa jemu ya rubarbi, nikasahau kumpa.

Pale kituoni Sylvi kaniambia polepole kwamba naye aliwahi kuwa msichana, maua saba anayajua. Usiku ule hasira zilipomwisha alikumbuka, akanielewa. Jumamosi asubuhi alikuwa ananingoja nimwambie nimemwota nani. Kumpigia mnunuzi tena na kumkatalia ni kazi ya dakika mbili, alisema.

Dereva akapiga honi. Nikasema viazi vyake nitavipalilia. Akasema si vyake tena, akapanda.

Nimelia njia nzima. Kalervo alinipa leso, wala hakunitania. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Jumapili, 7 Julai

Nimelala nalo siku kumi, leo nimeliona kosa. Ni idadi! Maua saba hutoa ndoto dhaifu, ya kahawa tu. Mwakani yatakuwa kumi na manne. Nitayaotesha dirishani tangu Machi, baridi isiyapate. Ndoto ikija na maneno yanayoeleweka, nitapanda basi kwenda Oulu siku hiyo hiyo na kusema.

Kunyamaza nako kunataka mazoezi. Nimeanza leo: kila Jumapili, asubuhi mpaka jioni, bila neno hata moja.

Saa nane simu imelia. Namba ya Sylvi. Mkono ulifika kabisa kwenye simu. Ikalia mara saba. Ikanyamaza. Baada ya dakika moja ikalia tena, mara tatu tu.

Sikupokea. Sijatamka neno mpaka sasa. Mwanzo mzuri!